Utani wa Shaban na Tembe la Tereza

Kama uliwahi kushuka kwenye treni pale Dodoma katika ile miaka ya ruksa, na begi lako likakatika mkono kabla hujafika barabarani, basi huenda unamfahamu mtu ninayetaka kukusimulia. Alikuwa akikaa ukutani, kushoto ukitoka stesheni, chini ya turubai la kijani. Mbele yake palikuwa na cherehani ya kushonea ngozi, kopo la gundi, na rundo la zipu alizozing'oa kwenye masanduku yaliyokwisha kufa. Jina lake Shaban. Wakati huo bidhaa za nje zilikuwa zimeruhusiwa, zikiingia kwa marobota, na watu waliozoea kusafiri na vikapu na vifurushi vya khanga sasa walisafiri na mabegi ya mitumba. Mabegi yenyewe yalikuja yamechoka tangu huko yalikotoka, kwa hiyo kila treni iliyoingia ilimshushia Shaban riziki.

Ila gundi haina haraka, ndugu yangu. Ukishaipaka lazima ungoje, na Shaban hakuumbwa kungoja kimya. "Mgeni," atakwambia, "tunyooshe miguu kidogo nikuonyeshe mji. Tukirudi, begi limeshika." Ndivyo alivyoanza kutembeza watu. Hakutumwa na ofisi yoyote. Alipenda tu kusema na kusikilizwa, na mji wake aliupenda.

Angekuanzia pale pale stesheni, akupigishe kofi kwenye kuta za Mjerumani usikie zilivyo nene. Angekupitisha kwenye maduka ya Wahindi, akuambie uinue kichwa, maana jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujenga vimeandikwa kwa saruji juu kabisa ya baraza, mahali ambapo mwenyeji haangalii. Kisha angekusimamisha mbele ya kanisa la Anglikana, lenye kuba kubwa la mviringo, na kila mgeni angeuliza swali lile lile.

"Huu msikiti ni wa siku nyingi?"

"Tuliujenga sisi Waislamu," Shaban atajibu bila kutabasamu. "Siku moja mvua ikanyesha, Wakristo wakaomba kujihifadhi. Mpaka leo wanasema haijakatika."

"Mvua gani hiyo Dodoma?"

"Ndiyo maana hawatoki. Bado wanaishangaa."

Hapo ndipo angekuonyesha msalaba ulioko juu, nawe ucheke.

Shaban alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa mjini. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, akibeba pembe kutoka Tabora kwenda pwani. Akaugua mguu akiwa Ugogo, wenzake wakamwacha, naye akaoa na kuanza kuuza chumvi na kaniki. Sasa Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu zama hizo za misafara, zama ambazo Mgogo alikuwa na maji na Mnyamwezi alikuwa na kiu. Na utani una sheria zake, hata kama hazikuandikwa. Mtani wako akikusema, hukasiriki. Hukanushi pia, maana anayekanusha ameshindwa. Unalikubali neno lake, unaongeza lako juu, mpaka waliokaa karibu washike mbavu.

Mtani wake mkubwa alikuwa Tereza, mama wa makamo kutoka Mkonze, kijiji cha pembeni mwa mji, aliyekuwa akileta sokoni karanga na mlenda uliokaushwa. Akimwona tu Shaban anapita anaanza.

"Mpagazi! Leo mzigo uko wapi? Umeutupa njiani kama babu yako?"

"Babu yangu hakutupa kitu. Mlimnyima maji mpaka akawapa nguo aliyovaa. Aliingia Ugogo na shuka lake, akabaki hapa kwa aibu ya kurudi kwao uchi."

"Na ndiye tuliyemwoza. Angalia sasa tulivyoharibu mbegu!"

Basi soko zima linacheka, na Tereza anamwongezea mlenda juu ya kipimo. Lakini haukuwa mchezo wa kinywa tu. Baba yake Shaban alipofariki, Tereza alifika na wanawake wenzake kutoka Mkonze, akavaa kofia ya marehemu, akakaa kizingitini akasema maiti haitoki mpaka wafiwa wamwimbie. Shaban hakuwa ametia kitu kinywani tangu msiba uingie. Akamtazama yule mama na ile kofia iliyomfunika mpaka machoni, akacheka, na kwenye kile kicheko ndipo kilio kilipopata njia ya kutokea. Akalia kama inavyompasa mtoto kumlilia baba yake. Tangu hapo alimhesabu Tereza kuwa ndugu.

Ndipo akaja Yusra.

Alikuwa binti wa Unguja anayefanya kazi Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuchora majengo ya kale, kwanza kwa penseli na rula, halafu kwa rangi ya maji. Zipu ya begi lake ilipasuka akiwa kwenye ngazi za behewa. Shaban alipoishika kazi ile, maneno yakaanza, na kabla gundi haijakauka alikwisha kujua kilichomleta.

Mji ulikuwa unatanuka. Matajiri wapya walitaka viwanja, na upande wa Mkonze wapimaji walikuwa wameanza kupigilia mawe ya mipaka. Wazee wa kule waliomba matembe yao ya zamani yasiguswe, zile nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa bapa la udongo juu. Ombi lao likakubaliwa nusu. Tembe ambalo Yusra, aliyetumwa kwa kazi hiyo, angeliona kuwa la kale na kulichora, litaachwa lilipo. Mengine yatapisha.

"Basi Mungu amekuleta kwangu," Shaban alimwambia. "Kuna moja usipolichora utakuwa hukufika Dodoma."

Alikuwa anasema kweli. Tembe la Tereza lilijengwa na baba mkwe wake baada ya njaa ile kubwa ya Mtunya, wakati waliosalimika walipokuwa wakirudi mmoja mmoja na kuanza maisha upya. Nguzo zake zilikuwa za mpingo. Ndani, kwenye chumba chenye jiko, kila mwanamke aliyeolewa katika nyumba ile alichovya kiganja kwenye udongo mweupe akakibandika ukutani siku aliyopokewa, kuanzia mama mkwe wa Tereza, wake wenzake, Tereza mwenyewe, mpaka wakwe zake wa sasa. Shaban alikuwa ameviona viganja hivyo mara nyingi akinywa uji.

Akapeleka habari Mkonze: jiandae, nakuletea mgeni. Na ubaya, msomaji wangu, ulipita kwenye mlango wa wema. Tereza akajiandaa. Mgeni haletwi kwenye ukuta wenye nyufa! Alikanda udongo na samadi na majivu, akasiliba ukuta wote wa mbele, akaulainisha kwa jiwe, akachora mistari myeupe na myekundu kuuzunguka mlango. Tembe likawaka kama bibi harusi.

Walifika kwa lifti ya lori la mchanga. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, na Gideoni, mtoto mkubwa wa Tereza, alikuwa ametoa viti nje. Yusra alisalimia shikamoo kwa wazee wote, akazunguka ukuta, akaipenda mistari, akatoa ubao wake na karatasi. Kisha akauliza swali lililomleta.

"Hili limejengwa lini, mama?"

Sasa mtazame Shaban. Mtani wake yuko mbele yake, viti vimejaa watu, na swali limeachwa hewani. Ulimi ukamtangulia.

"Lini? Juzi! Hawa walikuwa wanalala kwenye vichuguu. Sisi Wanyamwezi tuliwahurumia, tukawafundisha kwamba nyumba huwa na mlango."

Watu wakaangua kicheko, wote wakageuka kumtazama Tereza. Naye hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya uwanja wake.

"Kweli kabisa, mwanangu," alisema kwa sauti nyenyekevu. "Juzi tu. Shika, uone udongo ulivyo mbichi. Na aliyenibebea udongo ni huyu huyu mpagazi. Nilimlipa ugali, akala mpaka akasahau njia ya kwao."

Yusra akagusa ukuta. Kidole kikarudi na unyevu.

"Kwa hiyo ni jipya, mama?" akauliza tena.

"Jipya kama sketi yako!"

Mzee mmoja alicheka mpaka akaanguka na kiti. Yusra naye alicheka, kwa adabu ya mgeni. Kwao Unguja, utani wa makabila ni habari ya kusikia tu, na wawili hawa walikuwa wamesema jambo moja, mwenyeji wake na mwenye nyumba. Kule kanisani Shaban akitania, msalaba ulimsuta hapo hapo, lakini hapa udongo mbichi ulisimama kuwa shahidi wake. Yusra akairudisha karatasi chini ya ubao, na penseli akaichomeka kwenye nywele chini ya mtandio.

Shaban aliona. Hilo lazima lisemwe. Aliiona penseli ikirudi, akajua utani umepokewa kama ukweli. Ilikuwa ni kutamka tu, "Mwanangu, tunataniana. Ingia ndani uone." Lakini kicheko kilikuwa bado kinaendelea, na utani ukiufafanua mbele ya watu unakuwa umeuua, nawe unabaki umesimama kama mjinga. Akajisemea, nitamwambia njiani.

Njiani Yusra alitaka kulijua tembe la jirani, la mzee mmoja asiyecheka, ambalo kwa umri lilikuwa mtoto mbele ya lile la Tereza. Mzee akajibu kwa mkato, "La baba yangu," na Yusra akaketi juani akalichora mpaka alasiri. Shaban akajisemea, nitamwambia kesho stesheni.

Kesho yake stesheni treni ilichelewa, kama ilivyokuwa desturi yake. Nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Lakini Yusra alimshika mkono mbele ya wasafiri akawaambia, "Huyu baba ndiye aliyenisomesha Dodoma. Mkitaka kuujua mji huu, muulizeni yeye." Watu wakamgeukia. Shaban akanyoosha mgongo. Mtu atawezaje, saa kama hiyo, kufungua kinywa na kusema, jana nilikudanganya? Filimbi ikalia. "Safari njema, mwanangu," akasema.

Nyumbani mkewe, Adija, alimwuliza akiwa anapepeta mchele, "La Tereza amelichora?"

"Amelichora."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, naye alikwenda kuswali nao.

Miezi ikapita. Mawe ya mipaka yakafika mpaka kwenye mashamba ya Mkonze, na jamaa wa Tereza hawakuwa na wasiwasi. Walikuwa wakiwaambia wengine, "Letu mgeni alishaliona." Mpaka siku bwana wa viwanja alipokuja na nakala za michoro, akawaonyesha zile nyumba zitakazobaki. Gideoni alizifunua moja moja. La mzee asiyecheka lilikuwemo, limependeza. Lao halikuwemo.

Alikuja mpaka stesheni na baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba Shaban. Wewe ndiye uliyekuwa na yule dada. Kwa nini letu hakulichora? Lilimchukiza nini?"

Shaban alikuwa ameshika sindano ya ngozi. Aliitazama ile sindano.

"Labda karatasi imepotea njiani, mwanangu. Ngoja nifuatilie."

Huo wa pili. Kijana akamshukuru, na kule kushukuriwa kulimchoma. Akafunga turubai mchana kweupe, akaenda ofisini.

"Ulikuwa utani, bwana mkubwa," alimweleza yule bwana wa viwanja. "Mimi na yule mama ni watani. Tembe lile ni la zamani kuliko mimi."

Bwana wa viwanja hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti. "Mzee, mimi naamini. Lakini dada ameandika kwamba mwenye nyumba mwenyewe alikiri ni jipya, na aliulizwa mara mbili. Sasa kila mtu atakuja kuniambia nyumba yake ilitaniwa. Mlete dada aseme."

Akaenda posta kupiga simu Dar es Salaam. Sauti ya mwanamke ikamjibu kwamba Yusra amekwenda ng'ambo kusoma, hatarudi mwaka ule. Alipolirudisha jibu hilo ofisini, yule bwana alivua miwani akamwuliza taratibu, "Na wewe ulikuwa umesimama pale pale. Kwa nini hukumwambia siku hiyo hiyo?"

Shaban alitoka, akashika njia ya Mkonze kwa miguu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: Tereza, nimekuja kwa jambo zito. Tereza, ulimi wangu umekuvunjia nyumba.

Alimkuta anabangua karanga kivulini mwa ukuta.

"Mpagazi! Umesikia wanataka kuihamisha, umekuja kuomba kazi ya kubeba?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Alifumbua kinywa, na kilichotoka kilikuwa, "Nimekuja kuchukua mlango. Punda wangu hana zizi."

"Mpe kitanda chako, wewe ukalale zizini. Hakuna atakayejua tofauti."

Wakacheka. Akala karanga. Akarudi mjini na jambo lake tumboni. Aligundua siku ile kwamba utani ni mahali pazuri sana pa kujificha, maana aliyemo humo hakuna anayemdai ukweli.

Siku ya kupisha ilipokaribia, Tereza alisema tingatinga halitaigusa miti ya mkwe wake, wataibomoa wenyewe. Ndugu wakaitana, na Shaban naye akaenda. Walipanda juu wakashusha udongo wa paa kwa makarai, kisha fito, kisha zile boriti, na mwisho nguzo za mpingo, nyeusi, nzito kama chuma, zilizoingia ardhini kabla hata ya baba yake Gideoni kuzaliwa. Shaban alijitwika nguzo baada ya nguzo mpaka kwenye kiwanja kipya walichopewa kule nyuma. Vijana walitaka kumpokea, akakataa.

"Mwacheni!" Tereza alipiga kelele. "Leo ndipo amerudia kazi ya ukoo!"

Wote wakacheka, naye akacheka, begani ngozi imechunika.

Alasiri wakaangusha ukuta wa chumba cha jiko upande wa jua, na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia. Vile viganja vikaonekana. Vilikuwa vyeupe juu ya ukuta uliopakwa masizi ya miaka mingi, vingine vidogo kama vya watoto, maana zamani waliolewa wadogo. Watu waliacha kazi. Mkwe mmoja alikwenda akaweka mkono wake juu ya alama yake, akabaki hivyo.

Shaban alisimama na nguzo begani. Hatua chache, alikuwa akiwaza. Kutoka pale Yusra alipokuwa amesimama mpaka hapa ni hatua chache, na neno moja tu, ingia.

"Mnyamwezi, unashangaa nini?" Tereza alimwambia kutoka nyuma. "Hiyo ndiyo mikono iliyokuwa ikiwachapa babu zenu."

Alicheka, kama sheria inavyotaka. Kisha akatua mzigo, akazunguka nyuma ya ua wa minyaa, akatapika.

Baada ya hapo watu wa stesheni walimwona amebadilika. Mabegi aliyashona vizuri kama kawaida, lakini gundi ikikauka alikuwa ameketi tu, akiitazama. Mgeni akimwuliza kuna nini cha kutazama Dodoma, anamjibu, "Mji tu, kama mingine." Maduka ya Wahindi yakaanza kupakwa rangi za matangazo ya sabuni na soda mpaka juu kwenye yale majina, wala hakumwonyesha mtu. Alikuwa akipita kanisani akiwa ameinamisha kichwa.

"Umekuwa kama sanduku lililopotelewa na ufunguo," Adija alimwambia. "Nini?"

Akamweleza yote, pamoja na ule uongo aliomwambia yeye. Adija aliendelea kuokota mawe kwenye mchele.

"Tereza anajua?"

"Hajui. Nitakwenda kumwambia."

"Anakutania bado?"

"Kila Jumamosi."

"Basi mwache," Adija alisema. "Mwenzako amechagua kucheka. Usiende kumvua nguo kwa sababu wewe unaona joto."

"Siwezi, mama Zaidi. Nitakufa nalo."

"Watu hawafi na aibu, Shaban. Ingekuwa hivyo mji huu ungekuwa mtupu."

Lakini hakusikia. Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani, akaenda Mkonze.

Nyumba mpya ya Tereza ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, moja katika mstari wa nyumba zinazofanana, na zile nguzo za mpingo zimelazwa tu pembeni. Alikuwa peke yake, amekaa kwenye saruji ya baraza, kitenge cha kanisani bado kiunoni.

"Karibu, mpagazi. Jihadhari na hilo bati, jua likiwaka linasema. Watu wako watadhani msafara umefika."

"Tereza, leo sikuja kwa utani."

"Basi hukuja. Rudi nyumbani, ukajilete."

"Nakuomba."

Kuna kitu katika sauti yake kilichomfanya Tereza amtazame. Shaban akaketi chini, siyo kwenye kigoda alichosogezewa, akasema. Alianza kwenye ile penseli iliyorudi nyweleni, akaja njiani, akaja stesheni na kile kiburi chake cha kusifiwa, akamaliza na uongo aliompa Gideoni. Hakujitetea. Alipomaliza alijishika bega kama mtu aliyetua mzigo ghafla.

Tereza alikuwa akikunjakunja ncha ya kitenge.

"Unadhani sikujua?" akasema.

Shaban akanyanyua kichwa.

"Yule mtoto aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama mgeni. Mara ya pili aliuliza kwa macho ya kazi, nikayaona. Nikajua kabisa anataka kujua. Na nikamjibu sketi, Shaban, kwa sababu mzee alikuwa karibu kuanguka na kiti, nami nilitaka aanguke."

"Siyo kosa lako. Mimi ndiye niliyeanza."

"Nyumba ilikuwa ya nani?"

Shaban akainamisha tena kichwa.

"Nyumba ya mkwe wangu. Alinikabidhi mimi, hakukukabidhi wewe. Gideoni hajui kwamba ni mdomo wa mama yake ulioiangusha. Pale walicheka wote, lakini hakuna aliyekumbuka, wanadhani dada alikosea tu. Wale wakwe zangu wanavililia viganja vyao mpaka leo. Mimi nilikuwa nimefunika. Kila Jumamosi nikikutania nilikuwa nasiliba udongo mwingine juu, na ulikuwa unashika. Leo umekuja umebandua wote."

Bati lilikuwa linalia juu yao kwa joto, tiki, tiki.

"Sasa unataka nini?" akamwuliza.

"Nataka unisamehe."

"Nimekusamehe."

Alisema bila kinyongo, kwa sauti laini kabisa, kama anavyosamehewa mtu aliyekukanyaga kanisani. Shaban alisubiri. Alitegemea neno la pili, lile linaloruka na kumchapa, mpagazi, ondoka hapa, chochote. Halikuja.

"Na mimi atanisamehe nani?" Tereza akauliza.

Shaban angeweza kusema, mimi. Lakini hata yeye aliona kwamba halikuwa lake kusema. Wakakaa. Baadaye yule mama akainuka, akaleta chai kwenye kikombe chenye kisahani, vile vinavyotolewa kwa wageni, akamwekea mbele yake kwa mikono miwili.

"Karibu chai, Bwana Shaban."

Tangu wajuane hakuwahi kumwita bwana.

Jumamosi Shaban alikwenda sokoni mapema. Alikuwa ameandaa utani njia nzima, mzuri, kuhusu bati na vichuguu. Tereza alikuwa mahali pake, karanga mbele, mlenda pembeni.

"Habari za asubuhi, Bwana Shaban," alisema. "Mama Zaidi hajambo?"

"Hajambo. Nyumbani wazima?"

"Wazima, tunashukuru Mungu."

Akampimia mlenda, akaufunga vizuri kwenye karatasi, akampa. Kipimo kilikuwa sawasawa, hakikuzidi wala hakikupungua. Wauza nyanya wa karibu, waliokwisha kugeuza mabenchi yao kama kawaida ili wasikilize, walitazamana.

"Vipi ninyi?" mmoja akamwuliza Shaban alipokuwa anaondoka. "Mmegombana?"

"Hapana," Shaban akajibu. "Tumepatana."